Dagaa wa Kukauka Kau, Mdandu

Ukiinjika maharage huku kwetu Mdandu, usiwe na haraka ya kula. Makambako pale jirani ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi badala ya 100. Moto unaongeza, kuni zinaisha, maharage bado magumu. Dagaa wa kukaanga hawana shida hiyo. Mafuta ya kula hayachemki kama maji, kwa hiyo yanafika nyuzi 180 huku juu sawasawa na Dar es Salaam.

Tuchukue usipa, yaani dagaa wakavu wanaopandishwa kutoka Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, kisha wachuruze na kuwafuta kwa kitambaa safi. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu. Ngozi ya samaki ikiwa imelowa, joto lote linaishia kugeuza maji kuwa mvuke, na ngozi haipandi kuzidi kiwango cha maji kuchemka. Ile rangi ya kahawia, na harufu inayomleta jirani bila kualikwa, huja kwa kasi ngozi ikivuka nyuzi 140 hivi, protini na sukari zinapokutana. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mkutano huo mwaka 1912.

Wapake chumvi, binzari, tangawizi, pilipili ya unga na unga kidogo wa mchele. Wa ngano nao unafaa, ila mimi naona unalainika upesi. Ukali wa pilipili huyeyuka zaidi kwenye mafuta kuliko majini, ndiyo maana unaenea mdomo mzima.

Pasha mafuta kwenye karai, kisha tumbukiza mmoja kwanza. Akizungukwa na mapovu papo hapo, mafuta yako tayari: mapovu yale ni maji yanayotoka mwilini mwake. Kaanga wachache wachache, maana karai likijaa mafuta yanapoa na dagaa wanayanywa. Halafu sikiliza. Mchachariko ukianza kufifia, maji yanakaribia kwisha. Epua hapo hapo, usingoje waungue.

Na tafadhali, usiwafunike wakiwa moto. Mvuke utawarudia. Waache wapoe kwenye chungio, ndipo uwatie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Ukungu wa Juni huku kwetu huwalainisha kwa usiku mmoja.