Kamera ya DSLR: Anza na kazi, kisha mfuko, ndipo uingie dukani

Mfanyabiashara anayevuka Busia, Namanga au Mutukula akiwa na mtaji mdogo anajua kwamba fedha iliyolala kwenye kitu kisichozunguka ni hasara. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, ile inayojulikana kama DSLR, inaweza kulaza mtaji huo kwa mwaka mzima. Inaweza pia kulisha nyumba na kulipa karo, ikiwa ilinunuliwa kwa kazi inayojulikana na kwa bei ambayo kazi hiyo inaweza kuirudisha.

Kwa sasa mnunuzi ana nafasi nzuri. Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo ndani, na modeli zao mpya za mwisho za DSLR zilitoka mwaka 2020. Wapiga picha wengi duniani wamekuwa wakiuza vifaa vyao vya zamani ili wahamie huko, na ndiyo maana kamera zilizotumika ni nyingi na bei zake zimeshuka. Kamera iliyopiga harusi vizuri mwaka 2019 bado inaweza kuipiga vizuri leo, mradi haijachoka.

Wingi huo wa bidhaa una hatari yake. Muuzaji atasifu megapikseli, atasifu boksi jipya na begi la bure. Mnunuzi asiyejua anachotaka hurudi nyumbani na kamera ya kazi ya mtu mwingine.

Kazi nne, kamera tofauti

Wa kwanza ni muuza bidhaa. Anapiga picha za vitenge, viatu au vyombo, kisha anazituma kwa wateja wa ng'ambo ya mpaka kwa WhatsApp. Huyu mara nyingi hahitaji DSLR. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo sehemu kubwa ya ubora alioulipia mteja wake hataiona. Simu nzuri, shuka jeupe na mwanga wa dirishani asubuhi vinatosha kuanzia. Fedha ya kamera akiiongeza kwenye mzigo itamletea faida haraka zaidi.

Wa pili ni mwenye studio ndogo ya picha za pasipoti na vitambulisho. Picha ya milimita 35 kwa 45, kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli zipatazo 413 kwa 531 tu. Hata ukurasa mzima wa A4 kwa kiwango hicho unahitaji chini ya megapikseli 9. Canon EOS 4000D yenye megapikseli 18, au EOS 2000D yenye 24.1, zote za mwaka 2018, zinamtosha na kubaki. Nikon D3500 ya mwaka huo huo, yenye megapikseli 24.2, iko daraja hilo hilo. Kinachompa mteja sura nzuri kwenye studio ni taa mbili zilizowekwa vizuri na ukuta safi, na huko ndiko fedha iliyobaki inakopaswa kwenda.

Wa tatu ni mpiga picha wa harusi na sherehe. Ukumbi ni wa giza, watu hawatulii, na tukio halirudiwi. Bwana harusi hawezi kuambiwa avishe pete upya kwa sababu kadi imeharibika. Kwa kazi hii inafaa kutafuta kamera yenye nafasi mbili za kadi, ili kila picha ihifadhiwe mara mbili. Nikon D7200 ya mwaka 2015 inazo. Nikon D750 ya mwaka 2014 na Canon EOS 5D Mark III ya mwaka 2012 zinazo pia, na zaidi ya hapo zina kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 kinachovumilia giza. Kamera hizo tatu zikiwa zimetumika ni chaguo la busara kwa harusi kuliko kamera ndogo mpya ya dukani.

Wa nne ni anayetaka video za matangazo, mahojiano au mafundisho. Huyu atazame tundu la kuchomekea maikrofoni kabla ya kitu kingine. Canon 2000D na Nikon D3500 hazina tundu hilo, na wengi hugundua hivyo baada ya kulipa. Canon EOS 250D ya mwaka 2019 inalo, ina kioo kinachogeuka na inarekodi video za 4K. Nikon D5600 ya mwaka 2016 nayo ina tundu la maikrofoni na kioo kinachogeuka, ila video yake haifiki 4K. Mwenye kamera isiyo na tundu atalazimika kurekodi sauti kwenye kifaa kingine na kuiunganisha baadaye, kazi inayokula muda.

Lenzi ndiyo mali

Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hushuka thamani kila mwaka. Lenzi nzuri hukaa muda mrefu zaidi na huhamishwa kutoka bodi moja kwenda nyingine. Canon walianza mfumo wao wa lenzi za EF mwaka 1987, na lenzi hizo bado zinafunga kwenye DSLR zao zote. Hata mwenye kuhamia kamera mpya za Canon zisizo na kioo anaweza kuzitumia kwa kipande cha kuunganishia.

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera ya bei ya chini huwa ya milimita 18 hadi 55. Inafaa mchana na inafaa studio yenye taa. Ndani ya ukumbi inashindwa, kwa sababu ikivutwa karibu tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, iliyo miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa kwa Canon na Nikon, huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya huo. Mwenye fedha kidogo anayetaka kupiga sherehe aipate lenzi hii kabla ya kuwaza kubadilisha bodi.

Mnunuzi wa Nikon ana mtego mmoja wa kuepuka. D3500 na D5600 hazina mota ya kulenga ndani ya bodi, hivyo lenzi lazima iwe na mota yake, iliyoandikwa AF-S au AF-P. Lenzi ya zamani iliyoandikwa AF peke yake itafunga vizuri, lakini mpiga picha atalenga kwa mkono kila mara. D7200 na D750 zina mota ndani, kwa hiyo zinazikubali lenzi hizo.

Kugawa bajeti

Kosa la kawaida ni kumaliza fedha zote kwenye bodi. Mgawanyo unaofaa kwa anayeanza ni huu: katika kila shilingi 10, shilingi 5 ziende kwenye bodi, 3 kwenye lenzi, na 2 kwenye betri ya akiba, kadi mbili, begi na taa au flashi. Ikiwa nusu ya bajeti haitoshi bodi inayotakiwa, ashuke daraja la bodi au anunue iliyotumika, asiguse fungu la lenzi.

Kisha ipigwe hesabu ya kurudisha mtaji. Tuseme mwenye studio ametumia shilingi 1,200,000 za Tanzania kwa kamera na taa, na kila mteja wa pasipoti anamwachia shilingi 1,500 baada ya kutoa karatasi, wino na umeme. Anahitaji wateja 800 ili fedha irudi. Akipata wateja 10 kwa siku ni siku 80 za kazi. Akipata watatu kwa siku ni siku 267, karibu mwaka mzima akipumzika mwisho wa wiki. Hesabu hiyo ifanywe kwa wateja alionao leo. Wateja anaowatarajia wasiingizwe.

Kamera iliyotumika: ukaguzi wa dakika 15

Iwe ni Kariakoo, katikati ya Nairobi, Kampala au Deira kule Dubai, mnunuzi aende na kadi yake na betri yenye chaji, na asilipe kabla ya kukagua mambo haya.

Shata, yaani pazia linalofunguka kila picha inapopigwa, lina umri. Kwa Nikon D3500 limepimwa kuhimili mara 100,000. Kwa Nikon D750 na Canon 5D Mark III ni mara 150,000. Picha iliyopigwa na Nikon hubeba idadi hiyo ndani ya faili lake, na programu nyingi za bure huisoma. Kwa Canon nyingi idadi haimo ndani ya picha, hivyo mnunuzi aangalie dalili nyingine: mpira uliolegea, vitufe vilivyofutika, skrubu zilizokwaruzwa na bisibisi.

Lenzi ielekezwe kwenye mwanga na kuchunguliwa kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa unaopenda unyevu wa pwani kama Mombasa, Tanga na Unguja. Lenzi yenye kuvu isichukuliwe hata kwa bei ya kutupa.

Kihisi kipimwe kwa kupiga picha ya ukuta mweupe huku lenzi ikiwa imebanwa hadi f/16. Madoa machache ya vumbi husafishwa, mikwaruzo haitoki. Mwisho, flashi, kioo, matundu yote na chaja vijaribiwe palepale, na namba ya kamera iliyo chini ya bodi ilinganishwe na ile ya kwenye boksi na risiti.

Majina mengi, kamera moja

Anayenunua ili auze tena anapaswa kujua kwamba Canon huipa kamera moja majina tofauti kwa masoko tofauti. EOS 2000D huuzwa Marekani kama Rebel T7, sehemu za Asia kama 1500D, na Japani kama Kiss X90. EOS 250D ndiyo Rebel SL3, 200D II na Kiss X10. Muuzaji anayedai kwamba Rebel T7 ni toleo la juu kuliko 2000D anauza jina tu.

Hata hivyo, soko kamera ilikotoka lina maana yake. Dhamana ya nchi moja huenda isikubaliwe na fundi wa nchi nyingine. Lugha ya menyu nayo ifunguliwe na kuonekana, kwa kuwa baadhi ya kamera za soko la Japani hazina lugha nyingine. Chaja nyingi hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, lakini plagi hutofautiana: Kenya na Uganda hutumia ya pini tatu bapa, ilhali Rwanda na Burundi hutumia ya pini mbili za duara. Mzigo wa kwenda Kigali au Bujumbura uandaliwe na waya wake mapema.

Anayesafiri kwa ndege akumbuke pia kwamba betri za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi. Haziruhusiwi kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege.

Mpakani bila kukwama

Wafanyabiashara wadogo wamezoea utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaohusu mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, kama vile mahindi, maharage na bidhaa za viwanda vya hapa. Kamera za Canon na Nikon hutengenezwa nje, katika nchi kama Japani, Taiwan na Thailand. Kuinunua Nairobi hakuifanyi kuwa ya Kenya, na cheti hicho hakitaisaidia.

Anayepeleka kamera za kuuza anapaswa kuuliza gharama zote kwa ofisa wa forodha au wakala aliyesajiliwa kabla ya kununua. Kodi ya ongezeko la thamani peke yake ina kiwango cha kawaida cha asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania, Uganda na Rwanda. Faida iliyoonekana nono dukani inaweza kuishia kwenye dirisha la forodha. Kuficha kamera katikati ya nguo ni kuhatarisha mzigo mzima.

Mpiga picha anayevuka kwenda kufanya kazi na kurudi abebe risiti yenye namba ya kila kifaa, na avitangaze vifaa vyake wakati wa kutoka. Bila hivyo, siku ya kurudi anaweza kuulizwa kodi ya kamera aliyoimiliki miaka mitatu. Na akiwa kituoni, kamera ibaki begini: maeneo ya forodha na ulinzi hayapigwi picha bila ruhusa.

Mali bila daftari huisha bila habari. Risiti, namba ya kamera, idadi ya wateja na fedha iliyoingia viandikwe tangu siku ya kwanza. Baada ya miezi sita daftari ndilo litakaloonyesha kama ni wakati wa kuongeza lenzi ya pili, kubadilisha bodi, au kuiuza kamera ingali na thamani na kurudisha mtaji kwenye vitenge.