Programu isiyo na dirisha: iwekwe dukani au ifichwe?

Kwenye steshenari za Tunduma kazi kubwa ni karatasi. Wakala wa forodha analeta ankara, kibali na nakala ya pasipoti ya dereva, anataka ziwe faili moja la PDF kabla lori halijavuka kwenda Nakonde. Wengi hukimbilia tovuti za bure: unapakia, zinaunganishwa, unapakua. Bando limeliwa, na pasipoti ya mtu imepita kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Kumbe ipo programu ya bure, qpdf, inayoifanya kazi hiyo bila intaneti. Shida ni kwamba haina dirisha wala vitufe, unaiandikia amri tu. Ndiyo maana kwenye GNOME Software, duka la programu linalokuja na Fedora, usitegemee kuiona. Duka hilo limelenga programu zenye madirisha. Kwenye Ubuntu au Debian unaiweka kwa kuandika:

sudo apt install qpdf

Je, maduka yaziweke programu za namna hii? Wanaokataa wana hoja. Mtu akishabonyeza kitufe cha kusakinisha, anategemea kuona alama ya kufungulia. Asipoiona atasema imegoma, ataifuta, na pengine ataichoka Linux yenyewe.

Lakini kuficha nako si dawa. Anayejua jina la programu na amri yake hana haja na duka. Duka ni la yule asiyejua, na kwake kisichoonekana hakipo.

Njia ya kati ipo. AppStream, mfumo wa maelezo unaotumiwa na maduka haya, tayari una aina maalumu ya programu za amri. Kinachobaki ni duka kuzipa sehemu yake, liandike wazi "haina dirisha", kisha liweke mfano wa amri ya kuanzia. Kwa qpdf ungekuwa huu:

qpdf --empty --pages ankara.pdf pasipoti.pdf -- zote.pdf

Mstari mmoja tu, kazi imeisha.

Hili si suala la mafundi peke yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mwenye steshenari atazilindaje, kama kifaa cha kumsaidia kimefichwa?