Weupe wa Meno: Dawa ya Mtaani au Daktari?



Ndugu msomaji, baada ya Swala ya Ijumaa katika Msikiti wa Mtoro, Kariakoo, si jambo geni kukutana na muuzaji wa miswaki ya mti. Ukiendelea hadi Mtaa wa Kongo, penye maduka ya vipodozi, biashara inageuka: hapo unauziwa ahadi ya meno meupe kwa siku chache. Kijana anayejiandaa kwa posa, au binti aliyekaribia arusi, hujiuliza: ninunue dawa hii nijitibu nyumbani, au niende kwa daktari wa meno?

Usafi wa kinywa ni sehemu ya dini yetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliona lau si kuutia umma wake mashakani, angeuamrisha kupiga mswaki kwa kila Swala. Lakini imepokewa pia kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) laana juu ya wanaochongesha meno ili kujitengenezea mwanya kwa urembo, nao mwanya ni pambo linalosifiwa sana hapa pwani. Ndiyo maana wanazuoni hutofautisha kubadili maumbile na kuondoa uchafu au kasoro. Hili la pili halina ubaya, maadamu halileti madhara.

Basi kabla ya kuuliza wapi pa kutibiwa, tuulize kwanza: jino limebadilika rangi kwa nini?

Yapo madoa ya juu ya jino, yanayoletwa na chai, kahawa, tambuu, ugoro na sigara, pamoja na ugaga unaoganda kwenye fizi. Haya huondoka kwa kusafishwa.

Yapo pia madoa yaliyo ndani ya jino lenyewe. Jiji letu lina watu wengi waliokulia Arusha na Kilimanjaro, ambako baadhi ya chemchemi na visima vina madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na baadhi ya vyanzo vya kandokando ya Mlima Meru huzidi kiwango hicho mara nyingi. Magadi ya kupikia nayo huongeza floridi. Mtoto akitumia vitu hivyo wakati meno yake yangali yanajengeka ndani ya fizi, meno huota yakiwa na rangi ya kahawia. Mtu huyo hata akipiga mswaki mara tano kwa siku, rangi haitoki. Familia inayokataa posa yake kwa kumdhania kuwa mchafu inamhukumu kwa maji aliyonyweshwa utotoni.

Hapo ndipo hatari ya tiba za kujitungia inapoonekana. Wapo wanaosugua meno kwa limau, chumvi au unga wa mkaa. Ukali wa limau huyeyusha gamba gumu la jino, na mkaa hulikwangua. Gamba hilo likishaondoka haliloti tena, na tabaka lililo chini yake ni la manjano zaidi. Hivyo anayetafuta weupe kwa njia hiyo huishia kuongeza umanjano, na maji ya baridi yakamtia meno ganzi.

Dawa za dukani zenye haidrojeni peroksaidi hung'arisha kweli, lakini nguvu yake ndiyo hatari yake. Tangu mwaka 2012, nchi za Umoja wa Ulaya zimeagiza kwamba dawa yenye kiwango cha zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 ianze kutumiwa chini ya daktari wa meno, na asipewe aliye chini ya miaka 18. Sasa kichupo kisichoandikwa kiwango wala mtengenezaji utakiaminije kinywani mwako?

Daktari huanza kwa kukagua. Jino lililotoboka huzibwa na ugaga huondolewa, na mara nyingi usafi huo pekee hutosha. Ikihitajika dawa kali, huzikinga fizi kwanza, na kazi huweza kumalizika kwa takriban saa moja. Au hukutengenezea kifuniko cha plastiki cha umbo la meno yako, ukakitumia nyumbani usiku na dawa nyepesi kwa wiki mbili hivi. Kwa hiyo hata tiba ya nyumbani ipo, ila yenye msimamizi.

Hata hivyo, weupe huo si wa kudumu, na meno ya bandia hayabadiliki rangi. Madoa mazito ya floridi huenda yakahitaji kufunikwa badala ya kung'arishwa. Aliyefunga Ramadhani naye asubiri usiku.

Ushauri wetu kwa wazazi: mwenye fedha chache azitumie kwanza kukaguliwa na kusafishwa meno. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili si mbali. Mswaki na uendelee kila siku. Na anapokuja mposaji mwenye meno ya kahawia, tumuulize dini yake na tabia yake kabla ya kuyatazama meno yake.

Wallahu a'lam.