1.5, 2.0 au 2.5? Chagua Injini ya SUV Yako kwa Hesabu ya Mwezi, Si kwa Bei ya Yadi Pekee

Wateja wetu wengi wa Thika na Ruiru wanaweka akiba wakiwa na lengo moja: gari la familia, lililoinuka kiasi, lisilogonga tumbo kwenye matuta ya mtaani. Yaani SUV ndogo. Wengi tayari wanajua wanataka Vezel, CX-5, X-Trail au Forester. Wanapokwama ni kwenye swali la injini. Muuzaji anasema 2.5 ndiyo "gari ya ukweli", shemeji naye anasema 1.5 inatosha kabisa. Umsikilize nani?

Jibu letu: sikiliza barabara yako. Bei ya gari unalipa mara moja, au kwa mkopo wenye mwisho. Mafuta utalipa kila wiki, miaka yote utakayokuwa na gari hilo. Kwa hivyo kabla hujatuma deposit, kaa na kalamu dakika kumi.

Tuanze na hesabu

Chukua mtu anayeishi Thika na kufanya kazi katikati ya Nairobi. Kwenda na kurudi tuseme ni kilomita 90. Kwa siku 22 za kazi, hiyo ni kilomita 1,980 kwa mwezi. Tuweke petroli shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Bei halisi hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo weka ya mwezi wako.

Sasa tuchukue mfano wa magari matatu:

- 1.5 inayokwenda kilomita 16 kwa lita: karibu lita 124, yaani takriban 22,300.
- 2.0 inayokwenda kilomita 13 kwa lita: karibu lita 152, yaani takriban 27,400.
- 2.5 inayokwenda kilomita 11 kwa lita: lita 180, yaani 32,400.

Tofauti ya wa kwanza na wa mwisho ni kama shilingi 10,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya 120,000, na hapo bado hujaenda ushago Jumapili hata moja.

Mtu wa Ruiru anayekwenda Nairobi husafiri karibu nusu ya umbali huo, kwa hivyo tofauti yake itakuwa kama 5,000. Bado ni pesa, lakini haitamlaza njaa. Ndiyo maana injini inayomfaa jirani yako Membley inaweza kukuumiza wewe uliye Makongeni.

Hizo kilomita kwa lita ni za mfano tu. Jam ya Githurai na Roysambu itazishusha, na injini kubwa ndiyo huumia zaidi gari likiwa limesimama linanguruma.

Mbona basi tusichukue 1.5 sote?

Kwa sababu ya mwinuko na mzigo. Thika na Ruiru ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hivyo gari unalojaribu hapa tayari limepungukiwa na kama asilimia 15 ya nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi.

Kwenye Thika Superhighway ukiwa peke yako hutagundua. Barabara ni pana, na milima mikali hakuna. Lakini weka watu watano, magunia mawili ya viazi na mtungi wa gesi, kisha upande milima ya Murang'a kuelekea Kangema. Injini ndogo italazimika kuzunguka kwa kasi kubwa ili ikupandishe, na ikizunguka hivyo inakunywa mafuta. Kule juu 1.5 iliyojazwa inaweza kula karibu sawa na 2.0 inayopanda bila kuhangaika.

Injini ndogo yenye turbo ni hadithi tofauti kidogo. Turbo husukuma hewa ndani ya injini, kwa hivyo mwinuko hauisumbui sana. Ila turbo inahitaji oili safi, ya aina sahihi, na kubadilishwa kwa wakati. Kama wewe ni wa "nitafanya service mwezi ujao", iache.

Dizeli je?

Mazda CX-5 ni mfano mzuri kwa sababu imeuzwa Japani ikiwa na petroli ya 2.0, petroli ya 2.5 na dizeli ya 2.2. Dizeli hiyo ina nguvu ya kuvuta zaidi ya mara mbili ya ile 2.0 ya petroli, na kwa safari ndefu hubana mafuta vizuri. Mfanyabiashara anayetoka Thika kwenda Nyeri au Garissa kila wiki ataifurahia.

Lakini ina kichujio cha masizi kwenye mfumo wa moshi. Kichujio hicho hujisafisha injini ikipata moto wa kutosha kwa muda, kama kwenye barabara kuu. Gari la kupeleka watoto shule, kupitia Kamakis na kurudi nyumbani, kilomita tatu tatu, halifikii moto huo. Kichujio huziba, na bili ya fundi inakula yote uliyookoa kwenye mafuta. Ikiwa maisha yako yote yako ndani ya Ruiru, chukua petroli au haibridi. Haibridi hasa hupenda jam, kwa sababu kwa mwendo wa polepole mota ya umeme husaidia.

Na ushuru?

Ukiagiza gari kutoka nje, ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500cc, na asilimia 25 kwa zile za 2.0 na 2.5 za petroli. Ndiyo maana injini ya Vezel yenye 1,496cc iko mahali pazuri. Ila angalia hili: kati ya 2.0 na 2.5 za petroli kiwango ni kilekile. Anayekwambia 2.5 ina "ushuru wa juu" kuliko 2.0 kwa sababu ya cc anakupotosha. Kinachopandisha ni thamani ya gari lenyewe. Viwango hubadilika na sheria za fedha, kwa hivyo hakikisha na KRA kwanza. Ukinunua yadi, ushuru tayari uko ndani ya bei.

Kwa ufupi

- Ruiru, safari fupi, watu wawili au watatu: 1.5 au haibridi.
- Thika hadi Nairobi kila siku, na ushago mara moja moja: 2.0.
- Familia kubwa, mzigo na milima kila wiki: 2.5, ukiwa umeipangia bajeti.
- Safari ndefu mfululizo: dizeli, na fundi anayeijua.

Kabla hujatuma pesa

Jaribu gari likiwa na watu ndani, si wewe na muuzaji pekee. Tafuta rekodi za gari NTSA uone kama cc zilizoandikwa ni zile ulizoambiwa na kama jina la mwenye gari ni la huyo unayemlipa. Usitume deposit kwa namba ya mtu binafsi ili "akushikie gari" ambalo hujaliona. Na kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Lisipolingana na la yadi, simama hapo.

Jambo la mwisho ni zoezi la miezi miwili. Kila jioni weka kando kiasi cha mafuta ya siku moja kwa injini unayoitaka, kana kwamba gari liko nje ya mlango. Kwa 2.5 ya Thika ni karibu shilingi 1,500 kwa siku ya kazi, kwa 1.5 ni kama 1,000. Kisha fungua taarifa ya miamala yako uone ni siku ngapi ulishindwa. Ukiona ulishindwa mara kwa mara, shuka injini moja, na zile ulizoweka zitumie kwa service ya kwanza.