Mpira, Udaktari na Hesabu ya Kijana

Ni jambo la kawaida siku hizi kumsikia mtoto wa darasa la sita akieleza safari ya Mbwana Samatta, mji kwa mji na klabu kwa klabu, kwa ufasaha usioonekana anapoulizwa somo la jana. Wako wazazi wanaokasirika, na wako wanaofurahi wakidhani nyumbani mwao kumezaliwa utajiri. Sisi tunaona makundi yote mawili yanaharakisha. Jambo lenyewe linahesabika, na linalohesabika halina haja ya kugombewa kwa sauti.

Natuanze na mpira. Ligi Kuu ya Tanzania Bara imekuwa na timu 16 tangu msimu wa 2021/22. Tukiikadiria kila timu wachezaji 30, tunapata nafasi 480. Lakini nafasi hizo si zote za vijana wetu, kwa kuwa kanuni za misimu ya karibuni zimeruhusu klabu kusajili wageni hadi 12. Klabu zote zikiitumia ruhusa hiyo, wenyeji wanabakiwa na nafasi 288. Tena nafasi hizo haziwi wazi kila mwaka. Aliyekalia kiti hicho hakiachii mpaka goti limkatae au kocha amchoke. Tukisema kila mmoja hudumu miaka minane, na huko ni kumkadiria vizuri, zinazofunguka kwa mwaka ni 36.

Sasa tuwatazame wanaozitaka. Watahiniwa wa darasa la saba wamekuwa wakikaribia au kuzidi 1,200,000 kwa mwaka, na wavulana peke yao ni zaidi ya laki tano. Kwa hesabu hiyo, ni mvulana mmoja katika kila 14,000 hivi. Na hapo tunazungumzia ligi yetu ya nyumbani tu, ambayo si wote waliomo wanaolipwa vya kuwatosha kujenga.

Samatta alitoka African Lyon akaenda Simba, akahamia TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza alipojiunga na Aston Villa. Tunampongeza kwa dhati. Walakini hiyo ni safari ya mtu mmoja, na tangu ligi ile ilipoanza mwaka 1992 hadi alipofika yeye, miaka ilipita zaidi ya 27.

Upande wa mpira wa kikapu, Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009, heshima ambayo hakuna kijana wetu aliyewahi kuikaribia. Ligi hiyo ina timu 30, kila moja ikiwa na wachezaji 15 wa kudumu. Yaani nafasi 450, zikigombewa na dunia nzima. Thabeet alicheza humo kwa mara ya mwisho katika msimu wa 2013/14, akiwa na umri wa miaka 27. Katika umri huo daktari ndiyo kwanza amemaliza mwaka wake wa utarajali na bado anajifunza kuizoea wodi. Mbele yake iko miaka zaidi ya 30 ya kazi, na kila mwaka unaopita humwongezea thamani badala ya kumpunguzia.

Tuingie basi katika udaktari. Nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Ndiyo kusema timu moja ya mpira na mchezaji mmoja wa akiba. Mwaka 1963 kikafunguliwa chuo cha udaktari Dar es Salaam, ambacho ndicho chimbuko la Muhimbili ya leo. Hapa kwetu Mwanza, hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, na mwaka 2003 ikaanza kupokea wanafunzi wa udaktari. Vyuo vya nchi nzima kwa jumla hupokea sasa zaidi ya wanafunzi 1,000 wa udaktari kila mwaka. Tukirejea kwa wale watahiniwa 1,200,000, ni mmoja katika kila 1,200, mvulana na msichana pamoja. Mlango ni mwembamba, hatukatai. Lakini ni mpana zaidi ya mara kumi kuliko ule wa mpira, na binti haambiwi asubiri nje.

Liko jambo jingine ambalo tunaliona ni zito kuliko tarakimu zenyewe. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na waliotenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Mmoja ni bingwa wa dunia. Mwingine, wangapi wanalikumbuka jina lake? Ndivyo michezo ilivyo: kushinda kwa mmoja ni kushindwa kwa mwingine, na ukijenga viwanja mia, mshindi wa kwanza atabaki mmoja na uwanjani wataingia kumi na mmoja. Katika udaktari, aliye wa pili darasani ni daktari, na wa mia moja vilevile ni daktari. Taifa likijenga chuo, nafasi zinaongezeka kwelikweli. Na yule ambaye alama hazikumfikisha hurudi na kitu mkononi. Fizikia, kemia na baiolojia alizosoma humpeleka kwenye utabibu, uuguzi, maabara, famasi au ualimu. Aliyeachwa na mpira akiwa na miaka 22, wakati shule aliiacha na miaka 14, anarudi na viatu.

Baada ya hesabu hiyo ingekuwa rahisi kuwalaumu vijana kwamba ni wavivu wa kufikiri. Hatufanyi hivyo. Kijana huhesabu anachokiona. Mpira unataka kiwanja, na kiwanja kipo. Kama mpira wenyewe haupo, hufungwa wa matambara. Udaktari unataka mwalimu wa fizikia, na ziko shule za sekondari za kata ambazo mwalimu huyo hajawahi kuonekana. Mwanafunzi wa shule ya namna hiyo hachagui baina ya mpira na udaktari. Mlango mmoja umekwisha kufungwa kabla hajaufikia, naye anaukimbilia ulio wazi. Lau tungekuwa mahali pake tungefanya hivyo hivyo.

Wala hata akifika mwisho wa safari mambo hayanyooki. Mwaka 2017 Kenya iliomba madaktari 500 kutoka kwetu. Shauri likafikishwa mahakamani huko, mpango ukasimama, na madaktari 258 waliokuwa wamekubaliwa kwenda wakaajiriwa na Serikali yetu. Tulifurahi, lakini tulijiuliza: hawa 258 walikuwa wapi siku zote, wakati zahanati na vituo vya afya vyetu vilikuwa vikililia wataalamu? Nchi inayomsomesha mtu miaka mitano, na mmoja wa utarajali, kisha ikamwacha akizunguka na bahasha, inawafundisha wadogo zake kwamba kitabu hakilipi. Mahubiri yetu ya kuwataka wasome hayawezi kuushinda ushahidi huo.

Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikimbia katika zama ambazo mkimbiaji hakulipwa. Baadaye alianzisha shule. Hatudhani kwamba aliupuuza mchezo uliompa jina. Tunadhani aliufahamu kuliko wengi wetu.

Mwishoni mwa mwaka 2012 ilitolewa amri kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichanga, wakabeba mawe na mchanga, na vyumba vingi vikasimama. Tunawaomba madiwani, katika ziara zao za kata, kabla ya kukabidhi jezi na kombe mbele ya wapiga picha, wafungue milango ya vyumba hivyo. Wahesabu vifaa vilivyomo, waulize jina la mwalimu anayevitumia, na majibu wayalete katika kikao cha bajeti cha halmashauri.