Nani Abebe Gharama za Matunzo ya Wenye Ulemavu Rutshuru?

Katika teritwari ya Rutshuru, kaskazini ya mji wa Goma nchini Kongo, matunzo ya kijamii, yaani msaada wa kila siku unaomwezesha mtu mwenye ulemavu kuoga, kula, kusoma na kufika sokoni kama wenzake, hutolewa na jamaa, na ndani ya jamaa kazi hiyo humwangukia mama, dada au bibi. Msaada huo huitwa wa bure kwa kuwa haulipiwi, lakini gharama yake iko wazi kwa yeyote anayelijua shamba: mama anayebaki nyumbani na mtoto asiyeweza kutembea huacha maharagwe yake bila palizi, na mavuno yanayopungua ndiyo malipo ambayo nyumba hiyo hutoa kila msimu bila kuandikwa katika daftari lolote.

Juu ya nani agharimie, watu hawakubaliani. Wako wanaoshikilia kwamba kilema, kama anavyoitwa bado katika mazungumzo ya kila siku, ni wa ukoo wake, na kwamba serikali ikitia mkono ndugu watajitoa; wengine hulitupa jambo hili kwa kanisa na mashirika ya misaada; ilhali vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe hudai kuwa ni haki, wala si sadaka. Hoja ya ukoo si ya kudharauliwa, kwa maana nyuma yake kuna desturi kama ya ingobyi, machela ya kusuka ambayo wasemaji wa Kinyarwanda hubebea mgonjwa hadi hospitali, majirani wakipokezana. Ng'ambo ya mpaka, katika Kigezi ya Uganda, ambako vyama vya wabebaji huitwa engozi, hospitali ya Kisiizi iliviegemea mwaka 1996 kuanzisha bima ya afya ya jamii, yaani mfuko ambao wengi huchangia kidogo kidogo ili watakaougua watibiwe. Hata hivyo machela ni ya safari moja, na ulemavu ni wa miaka. Tena kijiji kilichokimbia vita hakina cha kuchangia.

Uzito wa miaka hiyo huonekana katika mguu wa bandia. Katika kituo cha Shirika la Umoja mjini Goma, ambacho kimesaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, waliokatwa miguu hutengenezewa mingine. Mtu mzima hubadilisha wake baada ya miaka mitatu hadi mitano, lakini mtoto, kwa kuwa mwili wake unakua, huhitaji mwingine karibu kila miezi sita, hata aliyekatwa mguu akiwa na miaka 7 atahitaji zaidi ya miguu 10 kabla hajatimiza miaka 15. Gharama ya namna hiyo haiwezi kutegemea huruma ya mfadhili, na mwaka 2025 ulilithibitisha hilo, pale Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilipokata fedha zake.

Kwa maandishi, Kongo haijachelewa. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imefafanua haki hizo. Kinachokosekana ni fedha zinazofika kijijini: hifadhi ya jamii, yaani akiba ya uzeeni na ya ajali kazini, huwafikia hasa wenye mishahara, na mkulima wa Rutshuru hayumo. Kenya tangu 2011 hulipa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mlezi wake. Ni kiasi kidogo, lakini kinakiri kwamba kulea ni kazi.

Malipo kama hayo hutaka hesabu ya watu, na sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Wakuu wa nyumba kumi na viongozi wa parokia, ambao wanazijua nyumba hizi kwa majina, waanze kuandika bila kungoja Kinshasa, na kando ya jina la kila mwenye ulemavu waandike pia jina la anayemtunza.