Nuru Kutoka Kitambaa Cheupe

Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa mapema kwamba nuru itokayo katika chanzo kidogo hutupa kivuli chenye kingo kali, na itokayo katika chanzo kipana hutupa kivuli hafifu. Ni somo dogo, na aghalabu husahauliwa mara mtihani upitapo. Subrata Mitra, mpiga picha za sinema wa Bengal nchini India, hakulisahau.

Mitra alizaliwa mwaka 1930. Mfaransa Jean Renoir alipokuja Bengal kutengeneza filamu ya The River, kijana huyo aliruhusiwa kutazama tu. Naye akawa anachora katika daftari mahali zilipowekwa taa na kamera. Mwaka 1952 Satyajit Ray alimkabidhi kamera ya filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, ilhali Mitra hakuwa amepata kupiga picha za sinema hata siku moja. (Katika filamu hiyohiyo alipiga pia sehemu ya muziki wa sitari.)

Mtihani mkubwa ulimfika katika filamu ya pili, Aparajito, iliyotolewa mwaka 1956. Nyumba ya mji wa Benares, yenye ua katikati, ilikusudiwa kujengwa mahali pa wazi. Lakini kwa hofu ya mvua za monsuni ikajengwa ndani ya studio, Calcutta. Mitra alipinga. Katika ua uliozingirwa na kuta ndefu, alijua, miali ya jua haifiki chini moja kwa moja. Nuru hushuka kutoka anga lote, wala haina kivuli dhahiri. Taa za studio zingempa kila mwigizaji vivuli viwili vitatu, na mtazamaji, hata asiyejua fizikia, angehisi kwamba anadanganywa. Hoja yake haikukubaliwa.

Basi akatandaza kitambaa cheupe juu ya ua ule wa bandia, na taa akazielekeza huko juu badala ya kuwaelekezea waigizaji. Uso wa kitambaa si laini kama kioo. Kila sehemu yake hutawanya nuru pande zote, hata kitambaa kizima kikawa chanzo kimoja kipana, yaani anga. Njia hii ina gharama yake: nuru nyingi hupotea njiani, na mpiga picha hulazimika kufungua zaidi tundu la lenzi au kuongeza taa. Hata hivyo Mitra aliishikilia katika kazi zake zilizofuata, zikiwamo Charulata ya mwaka 1964 na Nayak ya mwaka 1966. Alifariki mwaka 2001.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa tochi, penseli na karatasi nyeupe. Chumba kitiwe giza, penseli isimamishwe mezani na kumulikwa moja kwa moja; kisha tochi igeuzwe, imulike karatasi iliyoshikwa juu ya penseli. Wanafunzi wachore vivuli vyote viwili.